Pinocchio mpya: nani aangalie, nani asubiri

Swali (Novemba 2022): "Habari za kazi, kaka. Naishi Nkuhungu hapa Dodoma na watoto watatu: wangu wawili, wa miaka 11 na 6, na mtoto wa marehemu kaka yangu, wa miaka 9, niliyemchukua mwaka jana baada ya mazishi. Mkubwa kaona tangazo la filamu mpya ya Pinocchio, ile ya vikaragosi, na sasa nyumba nzima haina habari nyingine, wanahesabu siku mpaka tarehe 9 Desemba. Jirani ananiambia inatisha na ina mambo ya kichawi, eti mtengenezaji wake ni yule wa filamu za mazimwi. Mimi Pinocchio ninayemjua ni yule wa katuni, wa pua ndefu. Niwaache waangalie? Na mkubwa anauliza: ile ni katuni ya kompyuta au ni midoli ya kweli?"

Dada yangu, nianze na jibu lenyewe, sababu zitafuata. Mkubwa wa miaka 11 aangalie, tena atafurahi. Mdogo wa miaka 6 asubiri mpaka wewe mwenyewe umeiona yote. Wa miaka 9 ndiye ninayetaka tumzungumze kwa kirefu, na sababu si mazimwi wala uchawi.

Ila kwanza tuhakikishe tunazungumzia filamu moja, kwa sababu mwaka huu wa 2022 akina Pinocchio wamejaa. Disney walitoa yao Septemba, yenye watu halisi, Tom Hanks akiwa mzee Geppetto. Kuna ya Kiitaliano ya 2019 iliyoongozwa na Matteo Garrone, nayo ya watu halisi. Ukimtuma mtoto kwa vijana wa kuingiza muvi kwenye flashi, akasema "niwekee Pinocchio mpya", anaweza kurudi na yoyote kati ya hizo, na mkaja kugundua mkiwa mmeshakaa. Unayoulizia wewe ni ya Guillermo del Toro. Mwanasesere wake utamtambua haraka: hana kofia, hana kaptura, hana rangi. Ni mbao tupu isiyopigwa randa vizuri, na misumari imechomoza mgongoni. Ukiona kofia ya manjano, huyo ni mwingine.

Kuhusu mtengenezaji, jirani yako hajakosea. Del Toro ni Mmexico wa Guadalajara na jina lake amelijenga kwa viumbe vya kutisha. Filamu yake ya 2006, Pan's Labyrinth, ya binti mdogo katika Hispania iliyotoka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, ina mtoto ndani yake lakini si ya watoto hata kidogo. Usije ukawawekea kwa kuona jina la mtengenezaji ni lile lile. Ile ya 2017, The Shape of Water, ya mwanamke bubu na kiumbe cha majini, ndiyo iliyochukua Oscar ya filamu bora. Hii ya sasa ameiongoza pamoja na Mark Gustafson, mkongwe wa vikaragosi vya udongo, na Marekani wameipa daraja la PG, yaani mtoto anaruhusiwa, mzazi awe karibu. Hilo si daraja wanalopewa wanaotaka kukunyima usingizi.

Sisi tunaofuatilia animesheni tumeingoja tangu 2008, ilipotangazwa mara ya kwanza. Del Toro alizunguka nayo studio baada ya studio bila kupata wa kuilipia, mpaka Netflix walipoichukua 2018. Sura ya mwanasesere imetokana na michoro ya Gris Grimly, Mmarekani aliyekichora upya kitabu cha Pinocchio mwaka 2002. Kwa hiyo mkubwa wako akilalamika kwamba siku haziendi, mwambie kuna watu wazima wamehesabu miaka kumi na minne.

Sasa huko kutisha kumetoka wapi? Wengi wanadhani del Toro amechukua hadithi tamu ya watoto akaitia pilipili. Mambo ni kinyume: hadithi ilizaliwa na ukali wake, ila waliokuja baadaye waliipooza.

Mwandishi ni Carlo Lorenzini wa Florence, aliyejiita Collodi kwa jina la kijiji cha mama yake. Alianza kuichapisha Julai 1881, sehemu kwa sehemu, katika gazeti la watoto la huko Roma. Ilipofika sura ya 15, mbweha na paka wanamnyonga Pinocchio kwenye mwaloni mkubwa ili wampore sarafu zake. Upepo unampeperusha huku na huku, anamwita baba yake, ananyamaza. Basi. Collodi alikuwa ameimaliza hadithi hapo, Oktoba 1881, shujaa akining'inia mtini. Watoto waliokuwa wakiisoma hawakukubali, wahariri wakamwomba aendelee, ndipo Februari 1882 akamfufua na kuendelea mpaka kitabu kizima kikatoka 1883. Ile pua inayorefuka kwa uongo, unayoijua wewe na mimi, imo katika sehemu aliyoiongeza baada ya kuombwa. Watoto wale wasingelalamika, tusingekuwa nayo.

Na kuna zaidi. Nyenje mwenye busara, ambaye kwenye katuni ya zamani anaimba na kuvaa koti, kitabuni anaishi kurasa chache tu. Anampa Pinocchio nasaha, Pinocchio anakasirika, anachukua nyundo ya mbao na kumrushia, na nyenje anabaki amenata ukutani. Baadaye kidogo Pinocchio analala na miguu juu ya jiko la makaa, anaamka miguu imegeuka majivu. Akiugua na kukataa dawa chungu, mlango unafunguka wanaingia sungura wanne weusi kama wino, wamebeba jeneza dogo begani, wamekuja kumchukua. Sungura, dada yangu, huyu huyu ambaye kwetu kazi yake ni kumchezea fisi akili! Kisha anageuka punda, anachezeshwa sarakasi mpaka anachechemea, anauzwa kwa mtu anayetaka ngozi yake awambe ngoma. Mtu yule anamfunga jiwe shingoni na kumtumbukiza baharini, afe maji kwanza ndipo achunwe. Mtoto wa Dodoma, anayepishana na punda wa madumu ya maji na aliyewahi kusikia wakubwa wakizungumzia biashara ya ngozi za punda, hapo hahitaji maelezo.

Punda hao del Toro amewaacha, nitarudi kwa alichoweka mahali pao. Lakini ngoma ile ikukumbushe jambo. Sisi nasi tulisimuliwa binti aliyerudi peke yake ufukweni kuchukua kombe lake alilolisahau, akakutana na zimwi, likamtia ndani ya ngoma, likazunguka naye kijiji hadi kijiji likilishwa karamu: likipiga, binti anaimba, wazazi wake wanasikia sauti wanayoijua. Hadithi ya pwani ile, ikapanda hadi huku bara, na hakuna aliyetuuliza tuna miaka mingapi kabla ya kutusimulia. Tofauti ni kwamba bibi alikuwa amekaa hapo hapo mkekani, anauona uso wako, anajua lini alipunguze zimwi meno. Televisheni haimwoni anayeitazama.

Hapa wewe una faida ambayo mzazi wa London hana. Kiingereza cha filamu kitawapita wadogo, labda hata mkubwa sehemu fulani. Kwa hiyo utake usitake, wewe ndiye utakuwa DJ, kama wale wa muvi zilizotafsiriwa. Anayetafsiri ana mamlaka. Anasimamisha anapotaka, anafupisha, analainisha tusi, anaongeza neno lake la faraja katikati, na mtoto anasikia sauti ya mama au shangazi yake juu ya sauti ya Geppetto. Usijilazimishe kutafsiri kila sentensi. Sema kinachotokea, kwa maneno yako, na nyimbo ziache zipite zenyewe.

Tuje kwa wa miaka 9.

Filamu ilioneshwa London mwezi Oktoba, na inavyoanza si siri tena, kwa hiyo nitakueleza. Mzazi ana haki ya kujua mapema. Kitabuni Geppetto ni mzee mpweke tu. Del Toro amempa mtoto wa kumzaa, Carlo, mtoto mtiifu, wa kutumwa hata usiku. Carlo anakufa kwa bomu la ndege wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akiwa kanisani. Hayo ni mwanzoni kabisa, hata maji ya chai hayajachemka. Geppetto anaomboleza miaka, kazi imelala, pombe imekuwa chakula. Usiku mmoja wa radi anaukata msonobari uliomea penye kaburi la mwanawe, anauburuta hadi ndani, na kwa ulevi na hasira anachonga mwanasesere. Anataka Carlo arudi. Kinachoamka asubuhi ni kitu kingine kabisa: kinatembea kama buibui, kinauliza kila kitu kinaitwaje, kinavunja kila kinachoshika. Mzee hakioni kama kilivyo, anaona tu kwamba si Carlo. Na kuna siku, kwa uchungu, anamtamkia kwamba yeye ni mzigo.

Nilipolisoma swali lako nilisimama pale uliposema "baada ya mazishi". Sungura weusi hawatamtisha kijana wako. Huenda ndio watakaomchekesha, maana kwenye filamu wanacheza karata. Neno "mzigo" ndilo nitakalolichunga mimi. Mtoto anayelelewa na shangazi, hata shangazi awe mwema kiasi gani, kuna siku amehesabu sahani mezani akajiuliza yeye ni ya ngapi. Halafu sisi tuna maneno yetu ya mapenzi tunayowamwagia watoto wa waliotangulia: wewe ndiye baba yako mtupu, umemrithi kila kitu, sasa baba yako hakufa. Tunawapa na majina yao. Mara nyingi ni faraja, na sisemi muache. Lakini yuko mtoto anayeyapokea kama zamu aliyopangiwa, na akishindwa kuwa mtulivu kama marehemu alivyokuwa, anadhani ameiharibu. Filamu nzima inahusu zamu hiyo, Pinocchio akijaribu kuwa Carlo na kushindwa.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Iangalie wewe kwanza, peke yako, usiku watoto wamelala. Kisha, kabla hamjakaa pamoja, mwite kijana pembeni, si mbele ya wenzake, umwambie kwa lugha nyepesi kwamba mwanzoni kuna mtoto anafariki, na baba yake anahuzunika hadi anasema maneno mabaya asiyoyamaanisha. Mwambie akitaka msimamishe, akuguse mkono, na hahitaji kutoa sababu. Akisema hataki kuangalia kabisa, basi, mtafutie kitu kingine cha kufanya na usimfanye aonekane mwoga kwa wenzake. Ikiisha, usimuulize umejifunza nini. Hayo ni ya darasani. Akikaa kimya, mwache akae kimya. Huenda siku ya tatu, mkiwa mnachambua mchicha, akauliza kwa nini mzee alisema vile, na hapo ndipo umjibu kwa utulivu, ukijua swali linaweza kuwa halimhusu Geppetto.

Na kama bado anaamka usiku, au jina la baba yake likitajwa anatoka sebuleni, ahirisheni. Filamu ni ya Netflix wenyewe, haiondolewi baada ya mwezi kama zile za kukodi. Mwaka kesho itakuwepo.

Ninaamini del Toro analijua jambo hili kwa undani. Mama yake amefariki Oktoba hii hii, filamu ikiwa inazinduliwa London, na yeye alisimama mbele ya watazamaji akalisema hilo kabla taa hazijazimwa. Mtu wa kutisha watu tu kwa kutisha angeomba udhuru siku ile.

Uchawi, kwa ufupi. Kuna roho wa msituni anayempa mwanasesere uhai, na kuna dada yake, Mauti, ambaye Pinocchio anakutana naye zaidi ya mara moja kwa sababu akifa anarudishwa. Roho yule ana mabawa yaliyojaa macho, na jirani yako akiyaona atakupigia simu. Msomee Ufunuo 4:8, wale wenye uhai wanne wenye mabawa sita sita, nao wamejaa macho pande zote. Jambo litakalokupa kazi zaidi ni la kanisani: Geppetto ndiye aliyechonga msalaba mkubwa wa kanisa lao, na Pinocchio anauliza kwa nini watu wanampenda yule wa mbao na kumwimbia, ilhali yeye, wa mbao vile vile, wanamkimbia. Jiandae, maana mkubwa wako atakuuliza wewe, si mchungaji.

Halafu kuna siasa, na hapa mkubwa atafaidi. Hadithi imehamishiwa Italia ya Mussolini. Mahali pa kile kisiwa cha starehe cha kwenye katuni, ambako watoto watukutu wanageuka punda, del Toro ameweka kambi ya kijeshi ya wavulana, wanafundishwa kutii na kufa kwa ajili ya taifa. Yaani anayesifiwa na serikali kuwa mtoto mzuri ndiye yuko hatarini, na mtukutu wa mbao asiyeambilika ndiye anayepona. Kwa mzazi aliyezoea Pinocchio wa "usiposikia la mkuu utavunjika guu", hapo patakuwasha kidogo, na mimi napenda kwamba panawasha. Mwambie mkubwa huyu ni Mussolini yule yule aliyeivamia Ethiopia mwaka 1935. Akifika kwenye historia ya sekondari atamkuta tayari ni mtu anayemjua. Na lile bomu la mwanzoni lina ndugu zake huku kwetu. Vita ile ile ilipiganwa Kondoa mwezi Mei 1916, Dodoma ikatekwa Julai mwaka huo, majeshi yakabeba ng'ombe, nafaka na vijana wa kazi, na nyuma yake ikaja ile njaa ya Mtunya ya kuanzia 1917 ambayo Wagogo hawajaisahau jina. Kama kuna mzee wa Kigogo jirani yenu huko Nkuhungu, mtume mtoto kwake akamuulize Mtunya ni nini kabla ya tarehe 9.

Sasa swali la mkubwa, ambalo ndilo kazi yangu hasa. Mwambie ni midoli ya kweli. Si katuni ya kuchora wala ya kompyuta, ingawa kompyuta imesaidia kufuta vyuma vya kushikilia na kuongeza anga na bahari. Ni kikaragosi kinachosimamishwa kwenye jukwaa dogo, kinapigwa picha, mtu anaingia anakisogeza mkono unene wa kucha, anatoka, inapigwa nyingine. Sekunde moja ya filamu ina picha 24. Filamu ina dakika 117. Ukizidisha kavu kavu unapata picha 168,480, na hata kama pozi moja litapigwa picha mbili mbili, kama inavyofanyika mara nyingi, bado mtu amekigusa kikaragosi zaidi ya mara elfu themanini. Mpe mkubwa hesabu hiyo aifanye mwenyewe kwenye daftari.

Vikaragosi vikuu vimetengenezwa Manchester, Uingereza, na mafundi wa Mackinnon and Saunders; upigaji umefanyika Portland, Marekani, na sehemu nyingine Guadalajara, mjini kwao del Toro. Kinachonifurahisha zaidi ni nyuso. Kichwa cha Geppetto kina gia ndogo ndani kama za saa ya mkononi, juu yake ngozi ya silikoni. Fundi anaingiza kibisibisi chembamba kwenye tundu lililofichwa, anazungusha kidogo sana, na kona ya mdomo inapanda. Pinocchio hawezi kufanyiwa hivyo. Yeye ni mbao, na uso wa mbao haukunjiki. Kwa hiyo ana nyuso nyingi ngumu zilizochapwa kwa printa ya 3D, na kila anapobadili neno mdomoni uso mmoja unabanduliwa unawekwa mwingine. Watoto waambie waangalie hilo: wanadamu wote nyuso zao zinavutika, yeye peke yake anaruka kutoka sura moja hadi nyingine. Watoto waliokulia na Ubongo Kids wamezoea mistari safi na rangi zinazong'aa. Hapa watakutana na nyuzi za koti zinazotikisika zenyewe, kwa sababu kidole cha fundi kilizigusa.

Mkiwa mnasubiri, wafanyeni ya kwenu. Hili silisemi kwa kuwapotezea muda. Katika vijana ninaowafundisha nimeona kwamba aliyewahi kukisogeza kikaragosi mwenyewe haogopi kikaragosi kwenye skrini, anakitafutia ulipo waya wake. Kwa wa miaka 9 na wa 6 hiyo ni chanjo nzuri kuliko maelezo yangu yote.

Simu yako inatosha. Pakueni programu inayoitwa Stop Motion Studio, ya bure. Udongo wa mfinyanzi utawajia akilini kwanza, lakini kwa jua hili la Novemba na upepo wa Dodoma, kikaragosi cha udongo kinapasuka kiunoni kabla hakijamaliza kupunga mkono. Chukueni waya mwembamba wa kufungia nondo, ule mafundi ujenzi wanaoutupa vipande vipande. Usukeni waya mbili pamoja, mkipata kichwa, mikono na miguu, kisha mzungushieni sponji ya kuoshea vyombo iliyokatwa vipande na kuifunga kwa uzi. Miguuni acheni ncha za waya zichomoze kidogo, mzichomeke kwenye boksi la katoni ili asianguke. Waya usikunjwe mahali pamoja mara nyingi. Goti litakatika, na litakatika picha zikiwa zimebaki chache.

Simu iegemezwe ndani ya kreti la soda, ifungwe kwa mpira wa mkanda, na asiwepo wa kuigusa isipokuwa mpiga picha. Picha 12 kwa sekunde zinawatosha, maana yake sekunde kumi ni picha 120. Adui wenu mkubwa ni dirisha. Wingu likipita, picha moja inakuwa nyeupe na inayofuata ya kijivu, na mkizichezesha zinapepesa kama taa yenye umeme mdogo. Fungeni pazia, washeni taa moja, na mwenye shati jeupe asisimame karibu maana linarudisha mwanga. Umeme ukikatika katikati, msiendelee kwa tochi ya simu. Acheni kila kitu kilivyo, mrudi ukirudi. Mdogo mpeni kazi ya kuhesabu picha kwa sauti. Wa miaka 9, kama anapenda, yeye ndiye achague kikaragosi kinaitwa nani, na msimchagulie.

La mwisho ni bando. Kwa vipimo vya Netflix wenyewe, ubora wa chini hula hadi GB 0.3 kwa saa, wa kati GB 0.7, na wa juu hadi GB 3. Filamu hii ni karibu saa mbili, kwa hiyo kwa ubora wa kati tenga GB moja na nusu, na kama mtaangalia mara mbili, kama nilivyokushauri, pakua mara moja kwenye simu badala ya kuiangalia moja kwa moja. Ila ya chini kabisa usiichague. Usiku wa radi utakuwa weusi mtupu na hamtaona kinachochongwa.

Tarehe 9 ni Ijumaa, sikukuu ya Uhuru, kwa hiyo watakuwa nyumbani na watakusumbua tangu alfajiri. Waambie mapema kwamba Netflix hutoa filamu zao kwa saa za Marekani, na usiku wa manane wa California kwetu ni saa tano asubuhi. Kabla ya hapo hata wakibonyeza mara mia watakuta tangazo lile lile. Na kwa kuwa wewe unataka kuiona kwanza peke yako, watangazie kuanzia sasa kwamba yao ni Jumamosi.